Namba Arobaini na Namba Arobaini na Moja

Ninyi mnaoingia ofisini sasa mnakuta majina yameshapangwa. Mnafungua kompyuta, orodha hiyo hapo, wa kwanza hadi wa mwisho, na wala hamjiulizi nani aliwapanga na siku hiyo alikuwa amelalaje. Mimi niliwahi kupanga majina. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kidato cha nne na cheti cha kawaida tu, na aibu ya kutosha kugawia darasa zima. Nawaandikia kwa sababu nimestaafu, na kuna jambo moja la kazi ile ambalo mpaka leo halijanitoka.

Kazi yangu ilikuwa karani wa kumbukumbu katika kampuni ndogo ya ndege hapa Sumbawanga. Ndogo kweli: marubani sita nilipoanza, na hata ilipokua, ndege nne na marubani ishirini na wawili tu, na ofisi ya vyumba vitatu ambayo upepo wa mwezi wa saba ulipita ndani yake kama haina kuta. Niliajiriwa kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Siku ya usaili nilijibu maswali yote nikitazama meza. Mzee Anyosisye, mkuu wa shughuli za kampuni, mtu wa Mbeya mwenye sauti ya kuhubiri, aliniuliza, "Binti, hiyo meza ndiyo inakuajiri?" Nikasema hapana, shikamoo. Akacheka mpaka akakohoa, akanipa kazi.

Kitu kikubwa nilichokabidhiwa ni tange. Tange ni orodha ya ukubwa kazini. Kwa marubani, tange ni kila kitu. Ndiyo inayosema nani anapanda kuwa kapteni nafasi ikitokea, nani anachagua likizo kwanza, nani anabaki nyumbani kazi zikipungua. Rubani anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mkewe, lakini namba yake ya tange hasahau. Wengine walikuwa wanapita ofisini kwangu kuitazama tu, kama mtu anayechungulia sufuria ya maharage kuona kama bado yapo.

Niwape kwanza maarifa ya mkono, maana mwisho nitakuwa na mambo mengine.

Kwanza, usiandike tarehe moja. Rubani ana tarehe tatu: ya barua ya ajira, ya kuripoti, na ya kuruka kwa mara ya kwanza akiwa ameruhusiwa na mkufunzi. Kuna mwaka mvua ilijaza maji uwanja wetu, wakati ule bado ni wa udongo, na rubani mmoja aliyeripoti mapema akakaa wiki tatu bila kuruka. Aliyekuja nyuma yake kupitia Mbeya akaruka kabla yake. Mimi nilikuwa nimeandika tarehe ya kuruka tu. Walinijia wote wawili, mmoja mlangoni na mwingine dirishani, nikajificha chooni. Mzee Anyosisye alikuja akagonga: "Skola, toka. Choo hakina tange." Tangu siku hiyo naandika tarehe zote tatu.

Pili, ukikosea usifute. Piga mstari mmoja, andika sahihi juu yake, weka saini na sababu. Anayefuta anaonekana mwizi hata kama ni mtakatifu.

Tatu, na hili ndilo nililojifunza kwa kuchelewa: acha safu ya sababu. Huyu yuko juu ya huyu kwa nini? Ukishindwa kuijaza, usiandike jina.

Sasa niseme.

Miezi michache baada ya kuajiriwa, walikuja marubani wapya wawili siku moja. Mmoja alikuwa Sikazwe, Mfipa, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano aliyekuwa ameruka kwingine kabla, mwenye koti zuri na mke aliyemsindikiza mpaka mlangoni. Mwingine alikuwa Limbu, kijana wa Kisukuma wa miaka ishirini na minne. Wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Nilimwamkia Sikazwe shikamoo, akaitika marahaba mwanangu. Limbu akaniambia, "Mambo?" Nikaona haya hata kujibu poa.

Jioni Mzee Anyosisye, shavu limevimba kwa jino, akanipa karatasi. "Hawa wameanza leo. Waingize kwenye tange kama walivyo hapo." Kwenye karatasi Limbu alikuwa wa kwanza, Sikazwe wa pili, na pembeni palikuwa na tarakimu za kalamu ya risasi.

Sikuuliza tarakimu ni za nini. Niliona kosa tu. Kijijini kwetu Mwazye, ukitaja watu waliokuja msibani, unaanza na mkubwa. Ukipakua chakula unaanza na mkubwa. Ukimtaja mtoto kabla ya baba mzima, mama anakutazama mpaka unarudia. Nikajua mzee wa watu jino linamuuma, amewaandika ovyo. Nikawapanga vizuri: namba saba, Sikazwe. Namba nane, Limbu. Mzee Anyosisye akasaini huku ameshika shavu.

Nilikuwa naandika shajara tangu kidato cha pili, kwa sababu bwenini nilikuwa sina wa kuongea naye. Usiku ule sikuandika. Niliandika kesho yake wakati wa chai. Nanakili kama ilivyo: "Jana nilifanya jambo la maana. Mzee A. aliweka kijana juu ya mtu mzima kwenye tange. Niliwapanga inavyotakiwa. Hakuna aliyenisema."

Hakuna aliyenisema kwa miaka ishirini na nane.

Hizo tarakimu zilikuwa alama za usaili. Kanuni ya kampuni, ambayo niliisoma miaka mingi baadaye, ilisema walioajiriwa siku moja watapangwa kwa alama, mwenye nyingi kwanza. Nilipoisoma niliipita kama unavyopita tangazo la msiba wa mtu usiyemjua. Sikuunganisha. Au niseme ukweli, maana nimeahidi kusema: kitu kiliguswa ndani, nikageuza ukurasa.

Katika miaka hiyo wote wawili wakawa makapteni, wote kituo cha Sumbawanga tangu mwanzo. Krismasi lazima mmoja wa wale wawili abaki kazini. Mwenye namba ndogo anachagua kwanza. Sikazwe alichagua kula na familia yake mtaani kwake Katandala, kila mwaka, kwa haki kabisa, na Limbu akaruka kila mwaka. Alikuwa anafanya mzaha. "Skola dada yangu, Yesu amezaliwa tena na mimi niko Mpanda napakia mizigo." Nilikuwa nacheka. Ananiletea samaki, migebuka mikavu, kutoka Kasanga na mimi nacheka.

Halafu kampuni kubwa ya Dar es Salaam ikatununua.

Mtu asiyefanya kazi kwenye ndege anadhani kununuliwa ni kubadilisha rangi ya mkia. Rangi ni siku mbili. Kinachotoa watu jasho ni kuunganisha tange mbili ziwe moja. Wao walikuwa na marubani zaidi ya sitini, sisi ishirini na wawili. Kila mmoja wetu ana namba yake aliyoilea miaka yote, na kwenye orodha mpya hakuna namba mbili zinazofanana. Ukimpandisha mmoja, umemshusha mwingine, na aliyeshuka ana sura na watoto.

Tulikaa siku nne kwenye ukumbi wa kukodi. Marubani watatu wao, watatu wetu, wakiwemo Sikazwe na Limbu, na mwanasheria wao, Wakili Mariamu, mama mwembamba aliyekuja na makoti mawili na akayavaa yote. Mimi nilikaa kwenye kona na majalada yangu. Alipoingia tu alitutania, kama wanavyotutania kwa uchawi wote wanaotoka pwani: "Nyie wa Sumbawanga mnahitaji ndege za nini? Si mna nyungo?"

Limbu akamjibu, "Tunazo, wakili. Ila nyungo hazina tange. Anayewahi ndiye anakaa mbele."

Tukacheka wote. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka.

Siku ya kwanza wenzetu wakataka kutuunga mkiani: orodha yao yote kwanza, halafu sisi chini. Yaani kapteni wetu mwenye miaka thelathini kazini awe chini ya kijana wao aliyeajiriwa juzi. Sikazwe alisimama, akavua kofia, akasema taratibu, "Mimi nilikuwa naruka wakati huyu kijana wenu anajifunza kufunga kamba za viatu. Mkiniweka chini yake nitakwenda kulima ulezi." Siku ya pili wakapendekeza kusuka, kama nywele: watatu wao, mmoja wetu, watatu wao, mmoja wetu. Ikagombewa mpaka chai ikapoa. Siku ya tatu asubuhi wakakubaliana kwa tarehe ya kuripoti kazini. Aliyeanza kwanza yuko juu, awe wa kwao au wa kwetu. Nilifurahi kwa sababu tarehe zangu zilikuwa safi.

Wakili Mariamu akaanza kuchanganya. Majina yakawa yanaingiana kama mahindi na maharage. Sikazwe akaangukia namba arobaini. Limbu, tarehe ile ile, arobaini na moja.

Nafasi za ukapteni kwenye kampuni mpya zilikuwa arobaini.

Limbu alikuwa anaandika kitu, kalamu ikasimama. Kuanzia arobaini na moja kushuka, ni kurudi kuwa rubani msaidizi, kiti cha kulia, mpaka walio juu wastaafu. Sikazwe alikuwa na miaka sitini na mitatu. Rubani wa abiria anakoma sitini na tano. Limbu alikuwa na hamsini na miwili.

Wakili akageuka kwangu. "Bi Skolastika, hawa wawili wana tarehe moja. Mliwatenganisha kwa kigezo gani?"

Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Alama za usaili."

"Vizuri. Kesho utasaini kila ukurasa kuthibitisha."

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Chanji, kwa miguu. Sikupanda bodaboda kwa sababu sikutaka mtu aniulize naenda wapi. Nilikuwa nimesema alama kwa sababu ndiyo kanuni, lakini njiani niliiona ile karatasi, kalamu ya risasi pembeni, na jina la juu. Nyumbani nikashusha sanduku la shajara. Nilijua nitakachokikuta. Nilisoma nimesimama, na mwandiko ulikuwa mzuri kama walivyosema.

Karatasi yenyewe haikuwepo tena. Majalada ya zamani tuliyachoma mwaka tulipohama chumba. Maana yake ni hivi, na nataka mlielewe vizuri: ningenyamaza, hakuna mtu duniani angejua. Hofu ya kukamatwa unaweza kuizoea. Ile ya kujua kwamba hutakamatwa kamwe ni nyingine, haizoeleki.

Nilikwenda kwa Sikazwe kwanza, Katandala, saa kumi jioni. Mniulize kwa nini kwake na siyo kwa Limbu aliyedhulumiwa. Kwa sababu ni mkubwa. Hata siku hiyo, nikiwa nimebeba kosa hilo hilo mkononi, nilianza na mkubwa.

Alikuwa uani anapepeta maharage na mkewe. "Karibu mwanangu. Kaa, upepo huu utakuangusha." Mkewe akaenda kuchemsha chai. Nikamweleza. Nilimwonyesha shajara. Alisoma, akarudisha miwani mfukoni, akachukua maharage mawili yaliyooza akayatupa.

"Kwa hiyo unaniambia nimekalia kiti cha mtoto miaka ishirini na nane."

"Siyo wewe mzee. Ni mimi niliyekuweka."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Akatazama jikoni alikokwenda mkewe. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Skola, imebaki miaka miwili. Miwili tu. Limbu ana kumi na mitatu mbele yake, atakuwa kapteni tena nikiondoka. Mimi nikishushwa sasa, sipandi tena. Mtaa mzima huu unaniita kapteni. Nitawaambia nini?"

"Sijui mzee."

"Basi kunywa chai, uende nyumbani, usaini."

Nilikunywa chai. Naona aibu kuwaambia lakini nilikunywa yote, na nikamshukuru.

Asubuhi yake ukumbini Limbu alikuwa ameshakaa, anaongea na simu: "Mama Kulwa, waambie watoto baba bado ana kazi, ila atakuwa anakaa upande mwingine tu." Aliponiona akajaribu kutabasamu. "Skola, usiwe na uso wa msiba. Mzee alinishinda usaili, ndiyo mambo. Nilikuwa kijana, nilijiona mjuaji."

Ni hayo maneno. Angekuwa amekasirika ningesaini. Lakini alikuwa amekaa miaka yote hiyo akiamini kwamba alishindwa.

Wakili akasukuma kurasa mbele yangu. Nikasaini ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ndiyo yenye arobaini. Nikaweka kalamu chini, na nikasikia sauti yangu, nyembamba kama ya mtoto anayeomba ruhusa darasani: "Hii siyo sahihi."

"Unasemaje?"

"Sikuwatenganisha kwa alama. Niliwatenganisha kwa umri. Nilimtanguliza mkubwa."

"Kwa kanuni gani?"

"Hakuna kanuni. Ilikuwa adabu."

Rubani mmoja wao akacheka, akaacha alipoona hakuna anayemfuata. Nikawapa shajara. Wakili akasoma kwa sauti, akasema daftari la msichana si ushahidi wa kutosha, je, aliyeandika karatasi yuko hai? Yuko, Mbeya, amestaafu. Wakampigia Mzee Anyosisye, simu ikawekwa sauti juu.

"Skola yupo hapo?" ilikuwa sauti ile ile ya kuhubiri. "Ndiyo, nakumbuka usaili ule. Kijana wa Kisukuma aliongoza. Alitua na upepo wa ubavu mpaka mkufunzi akapiga makofi. Kwani yuko chini ya Sikazwe? Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza," wakili akasema. "Na saini ni yako."

"Nilisaini bila kusoma," akasema. "Nilikuwa namwamini yule binti."

Nimewahi kusemwa maneno mabaya na marubani wenye hasira, mengine siwezi kuyaandika hapa. Hakuna lililoingia kama hilo.

Nikapiga mstari mmoja juu ya Sikazwe, mmoja juu ya Limbu. Nikaandika upya: arobaini, Limbu. Arobaini na moja, Sikazwe. Sababu: kosa la karani. Saini. Limbu hakunishukuru. Alinifuata nje.

"Krismasi ishirini na nane, Skola."

"Najua."

"Hujui. Mama yangu alikuwa ananiuliza kila mwaka kwa nini wewe tu, na mimi namwambia kwa sababu sikufaulu vizuri. Amekufa anajua hivyo."

Mkifanya kazi ya kupanga watu, mtakuta makosa mengine yanarekebishwa kwenye karatasi tu, na marekebisho hayafiki kwingine.

Nilidhani Sikazwe ataacha kazi. Angeweza kwenda kulima ulezi kama alivyotishia. Hakuongea nami ukumbini. Alisaini pale alipotakiwa, akavaa kofia akaondoka. Wiki mbili nzima sikujua. Kila gari likisimama nje ya ofisi nasema ni barua yake. Sikuweza kula wala kuangalia tange mpya ukutani.

Tange ilianza kutumika siku ya Jumatatu. Ratiba ilimpangia Limbu safari ya Mbeya, na chini yake, kiti cha kulia, Sikazwe. Kampuni mpya ilikuwa na utaratibu: kabla ndege haijaondoka, rubani msaidizi anaita ofisi kwa redio na kutaja majina ya wanaoruka, kapteni kwanza, kisha yeye, kisha abiria. Karani anaandika. Karani nilikuwa mimi.

Niliwaona kwa dirisha wakienda kwenye ndege. Walitembea wameachana hatua kadhaa, koti la Sikazwe linapeperuka. Limbu alisimama kwenye ngazi akampisha. Sikazwe akatikisa kichwa, akamwonyesha kwa mkono apande. Walisimama hivyo muda mrefu, kila mmoja anampisha mwenzake, abiria wanatazama. Mwisho Limbu akapanda.

Injini ikawaka. Nikashika kalamu. Redio ikakoroma, kisha kimya, na kile kimya nilikihesabu: Sikazwe angeweza kumwacha Limbu aite mwenyewe, au kutaja abiria tu, au kutaja jina lake kwanza kwa mazoea ya miaka yote hiyo, na mimi ningeandika nini?

"Ofisi," ilikuja sauti ya Sikazwe, wazi, bila haraka. "Kapteni, Limbu. Msaidizi, Sikazwe. Abiria tisa. Umeandika?"

"Naandika, mzee."

"Andika kama nilivyosema."

Nikaandika.